Njia ya Hayati Mzee Hodi

Mke wa tarishi alikuwa ametoka kupiga deki jikoni, na maji ya chai yalikuwa yameanza kunguruma kwenye birika, aliposikia hodi mlango wa nyuma. Aliijua hodi hiyo. Ilikuwa ndefu mwishoni, hodi ya mtu aliyezoea kushindana na mbwa na redio za watu. Lakini mumewe alikuwa amezikwa mwezi uliopita, kwa hiyo alichelewa kidogo kuitikia.

"Karibu," alisema. "Ila vua viatu, sakafu haijakauka."

Mzee Hodi akavua viatu, akavipanga sawasawa kizingitini kama alivyofundishwa jeshini, akaingia na soksi. Alivaa suti ileile aliyozikwa nayo, ambayo ilimpwaya mabegani tangu siku iliyonunuliwa, na kwenye ukosi kulikuwa na udongo kidogo. Mkewe akampangusa kwa kitambaa cha meza. Akamwuliza kama amtilie sukari, maana daktari alikuwa amemkataza. Mzee akafikiri, akasema kwa hali yake ya sasa haoni tena cha kuogopa. Basi wakanywa chai.

Jina la Hodi alipewa na mtaa, na alilistahili. Maisha yake yote alikuwa tarishi wa posta, akipeleka barua kwa miguu, na miaka ile ambayo posta ilikuwa na huruma, kwa baiskeli. Kila mlango aliupigia hodi tatu. Ya kwanza ya kumwamsha mtu, ya pili ya kumpa nafasi avae shati, ya tatu ya heshima. Asipoitikiwa ya tatu aligeuka akaenda zake, hata kama mlango uko wazi na mwenye nyumba anaonekana miguu chini ya pazia. Alipokaribishwa alitoa barua, kisha akasimama palepale mpaka ifunguliwe na kusomwa, ili habari mbaya isimkute mtu akiwa peke yake. Wakubwa wake walimpa onyo kwa tabia hiyo, kwamba anapoteza muda wa kazi. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema asanteni, akaendelea kusimama.

Kabla ya posta alikuwa askari. Alikwenda vitani kijana, akarudi na mguu wa kushoto ambao tangu hapo uliufuata wa kulia kwa shingo upande. Ukimwuliza vita vilikuwaje, alisema kulikuwa na mvua nyingi. Rafiki yake waliyekuwa wakigawana blanketi alibaki hukohuko. Huko ni wapi hasa, jeshi lilisema halijui, na wala halikuonekana kukosa usingizi kwa kutojua. Basi Mzee Hodi akachonga benchi kwenye gogo la mti ulioanguka, akalipandisha mlima ulio nyuma ya mji, akaliweka pale upepo unapogeukia. Alilichonga la watu wawili.

Kila jioni baada ya kazi alipanda huko, na alipostaafu akaongeza na asubuhi. Alijua ndege yupi amegombana na yupi. Aliokota makopo ya watu waliokuja kufurahia mazingira. Mvua zikiisha, yeye ndiye aliyefyeka njia, hakuna aliyemtuma. Akifika juu alikaa upande mmoja wa benchi, na upande wa pili aliufuta kwa leso, kisha akauacha.

Mwaka ambao mapafu yake yalianza kumsumbua ndio mwaka ambao Mheshimiwa mwenyekiti wa halmashauri aligundua kwamba mlima ule una hewa nzuri. Ugunduzi mkubwa, watu walikuwa wakiivuta hewa hiyo tangu enzi za babu zao bila kujua kuwa inafaa kuzungushiwa seng'enge. Mheshimiwa akajenga nyumba chini ya mlima, akazungusha uzio, na pale njia inapoanzia akaweka geti, kibanda cha mlinzi, na nguzo yenye bango: HAKUNA NJIA.

Mzee Hodi alifika getini akapiga hodi tatu. Hakuitikiwa, akageuka. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa, mpaka miguu ilipokataa. Mkewe ndiye aliyekwenda halmashauri kuomba mzee apishwe, na akaambiwa suala lake linashughulikiwa. Neno hilo lina afya njema kuliko wengi wetu. Limezika watu, na lenyewe halijawahi hata kukohoa. Mzee alikufa amegeuzwa uso dirishani, mahali pa kuonea mlima, na mkewe hakuwasamehe. Hakuwasamehe siku ile, wala baadaye.

Baada ya hapo ndipo mapenzi yalipoanza. Wapo watu ambao shughuli zao haziwapi nafasi ya kumpenda mtu mpaka afe, na Mheshimiwa ni mmoja wao. Mazishini alilia vizuri, kwa leso nyeupe. Akasema wema hauozi. Akasema marehemu alikuwa shujaa, mpenda mazingira na mtu wa watu, na kwa hiyo halmashauri itaipa jina lake njia ileile aliyoipenda. Watu wakapiga makofi, kisha wakakumbuka wako makaburini, wakaacha.

Kazi ya bango alipewa mchora mabango wa mjini. Aliagizwa aandike marehemu. Lakini mchora mabango huyu, siku alipoletewa habari ya mama yake, alikuwa na Mzee Hodi amesimama mlangoni, na alipomaliza kusoma ni mkono wa mzee uliomshika asianguke. Brashi ilikataa. Marehemu ni kila mtu, aliwaza. Hata mwizi wa kuku akifa ni marehemu. Wakubwa wakifa huitwa hayati. Basi akaandika hayati, kwa herufi nyeupe juu ya rangi ya kijani. Na kwa kuwa halmashauri haikuona haja ya nguzo mpya, bango likafungwa kwenye nguzo ileile. Ukisimama mbele ya geti ulisoma hivi: NJIA YA HAYATI MZEE HODI. Na chini yake: HAKUNA NJIA.

Rangi ilikauka Jumanne. Jioni yake ndipo mzee alipokuja kunywa chai.

Siku ya pili, alipomaliza kikombe chake, alisema anapanda mlimani kidogo. Mkewe akajifunga mtandio, akamfuata. Njiani watu walimwamkia mzee shikamoo, akaitika marahaba, na muuza magazeti akamwambia siku nyingi hajaonekana. Getini mlinzi alisimama kutoka kwenye kigoda chake, akazima redio.

"Shikamoo mzee. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa."

Kisha Mzee Hodi, palepale nje ya geti, akaielekezea uso nyumba ya Mheshimiwa, akapiga hodi. Pazia la juu likatikisika. Akapiga ya pili, na ya tatu. Akasubiri kiasi cha mtu kumaliza kuvaa shati, akamshukuru mlinzi, akageuka.

Mkewe damu ikampanda. "Wewe si umekufa? Kuna faida gani sasa? Pita! Wenzako wanapita ukutani, wewe seng'enge tu inakushinda!"

"Siwezi kuingia kwa mtu sijakaribishwa, mama watoto."

"Mlima si wa mtu!"

"Mbona una geti?"

Mkewe akamgeukia mlinzi. "Mwanangu, hebu mkaribishe wewe. Una mdomo."

Mlinzi akajikuna shingo. "Mama, mimi niliajiriwa kufungua na kufunga. Kukaribisha sikuambiwa. Na nina watoto."

Wakarudi. Ikawa ndiyo desturi: chai, mlimani, hodi tatu, nyumbani. Jua likizama mzee aliaga na kurudi makaburini, na alikuwa halalamiki. Mkewe ndiye aliyelalamika kwa niaba ya wote wawili. Ndoa nyingi hugawana kazi namna hiyo.

Asubuhi moja alivaa viatu vyake vya safari akaenda halmashauri. Mheshimiwa alimpokea vizuri sana, akampa kiti. Hakushangaa kusikia kwamba mzee anarudi, kwani alikuwa akimwona mwenyewe kutokea dirishani. Kilichomkera ni utaratibu.

"Anakuja jioni, mama. Saa za kazi zimekwisha."

Katibu wake, kijana mwenye tai ndefu, alikuwa amefungua kamusi. "Tatizo ni bango, Mheshimiwa. Hayati asili yake ni uhai. Tumemwita hai kwa maandishi, tena ya serikali. Yeye ametii tu."

"Nani aliruhusu hayati? Hayati ni ya watu wa ngazi fulani!"

"Mheshimiwa," mke wa tarishi akasema, "sikuja kwa ajili ya bango. Wala sitaki geti ling'olewe. Akipiga hodi, wewe sema karibu. Neno moja tu. Hata ukilisemea chooni atasikia."

Mheshimiwa akajishika ubavu, kama mtu anayeombwa figo. Akasema ameshauriwa na wanasheria. Karibu ikishatamkwa mbele ya mashahidi hugeuka kuwa haki, na haki ikishakuwa haki hugeuka kuwa barabara. "Karibu haina mwisho, mama yangu. Leo nikimkaribisha maiti, kesho watataka na wazima." Akamhakikishia kwamba suala linashughulikiwa, akamsindikiza mpaka mlangoni, na kwa mdomo wake mwenyewe, kwa tabasamu, akamwambia: "Karibu tena."

Alichoshughulikia ni bango. Mchora mabango aliletwa akalifuta neno lake na kuandika marehemu, kwa herufi ndogo zaidi, akisonya kila anapochovya brashi. Jioni Mzee Hodi akaja kama kawaida, inavyoonekana habari za marekebisho zilikuwa hazijafika huko alikotoka, au zilifika akazipuuza. Akasimama chini ya nguzo akasoma.

"Ana mkono mzuri yule kijana," alisema.

"Wamekushusha cheo," mkewe akasema.

"Si wamesema kweli? Mimi nimekufa." Kisha akapiga hodi zake.

Msimu wa mvua ulipoisha, halmashauri iliona imekaa muda mrefu bila kumkumbuka mtu. Ikatangaza Siku ya Kumkumbuka Mzee Hodi, itakayofanyika katika bustani ya Mheshimiwa, kwa sababu pale picha hutoka vizuri, mlima ukiwa nyuma. Kulikuwa na turubai, viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, zulia jekundu kutoka getini hadi jukwaani, na kipaza sauti kilichokuwa kikilia kama mbuzi. Mjane alipelekewa mwaliko na gari la kumchukua. Waliomjua walidhani atakataa. Alikubali, tena akasuka nywele. Alikuwa ameelewa jambo moja ambalo halmashauri nzima, pamoja na katibu na kamusi yake, haikuliwaza: siku hiyo yeye atakuwa ndani ya geti.

Akapewa kiti cha mbele, karibu na maua. Akasikiliza hotuba. Alisikia kwamba mumewe alikuwa nguzo, taa, hazina na dira, akajiuliza kama kweli wanamzungumzia yule mzee aliyekuwa akikoroma na kusahau kufunga bomba. Mheshimiwa akasema kizazi cha leo kiige mfano wake wa kupenda milima. Alisema hivyo ameupa mlima mgongo, na ndani ya uzio hapakuwa na mtu wa kizazi chochote aliyewahi kuupanda tangu seng'enge zifungwe. Kisha mshereheshaji akaomba watu wote wasimame, wamkumbuke kwa dakika moja ya ukimya.

Watu wakasimama, wakainamisha vichwa. Ulikuwa wakati wa chai.

"Hodi!" ikasikika getini.

Hakuna aliyeinua kichwa. Ukimya ni ukimya, na itifaki ni itifaki. Tena, kusema kweli, haipo hotuba inayoeleza mtu afanye nini pale anayekumbukwa anapogonga.

"Hodi!"

Mheshimiwa alikuwa akivitazama viatu vyake. Katibu alimtazama Mheshimiwa akitazama viatu. Mlinzi, mkono kwenye kufuli, alimtazama kila mtu kwa zamu.

Ya tatu ilikuja ya chini zaidi, ile ya heshima. Mke wa tarishi aliijua, na alijua kinachofuata baada yake ni kisigino kugeuka. Akajaza pumzi.

"Karibu!" akaita, kwa sauti yake ya jikoni, ile iliyokuwa ikimtoa mzee mwisho wa mtaa chakula kikiwa tayari. "Karibu ndani, baba. Pita!"

Kufuli likafunguka mkononi mwa mlinzi, na geti likajisukuma lenyewe. Mzee Hodi akaingia. Alipoona zulia akavua viatu, akavibana kwapani. Akapita katikati ya viti akiwapa watu mkono mmoja mmoja, akiwaambia poleni na shughuli, poleni na jua. Alipofika kwa Mheshimiwa alimshika mikono yote miwili, akasema, "Asante sana kwa kunikumbuka." Hapakuwa na kijembe ndani yake hata chembe. Vijembe vyote vya nyumba ile alikuwa navyo mkewe.

Kwa mkewe alisimama kidogo. "Umesuka," alisema.

"Nenda," mkewe akajibu. "Unasubiriwa."

Akavaa viatu nyuma ya jukwaa, akaushika mlima. Nyasi zilikuwa zimeiziba njia, zikampisha. Watu wote walimwona akipanda, mguu wa kushoto ukiufuata wa kulia, safari hii bila kinyongo, mpaka kwenye benchi. Upande wa pili alikuwa amekaa kijana mwenye sare, imelowa chapachapa ingawa kulikuwa na jua kali. Kijana akasogea, japo nafasi ilikuwepo ya kutosha. Mzee akaitoa leso, akaitazama, akaona haina kazi tena, akaikunja na kukaa.

Mke wa tarishi akalia. Hakulia kwa leso nyeupe; alilia kwa sauti, na pua, na kila kitu, mbele ya maua yao.

"Dakika imekwisha," akasema mshereheshaji.

Mheshimiwa akakinyakua kipaza sauti. Alisema wananchi wameshuhudia kwa macho yao kwamba katika uongozi wake njia hii iko wazi kwa wote, walio hai na waliotangulia. Alipigiwa makofi marefu. Zikagawiwa soda. Baadaye wageni wakatolewa nje kwa adabu, viti vikavuliwa nguo zao, na geti likafungwa kwa kufuli jipya, la zamani likiwa limeonyesha udhaifu.

Kesho yake jioni birika liliponguruma, mke wa tarishi aliweka vikombe viwili, kwa mazoea. Chai ikapoa. Hakukuwa na hodi. Mzee alikuwa amefika alikotaka, na kuondoka kwa mtu bila kumuaga mwenyeji hakukuwa tabia yake, na Mheshimiwa mwenye geti hakuwa na mpango wa kuja kuagwa. Mkewe alifurahi kwa ajili yake. Kwa ajili yake mwenyewe, nyumba ilimlemea mpaka akashindwa kukaa.

Siku iliyofuata alitia chai kwenye chupa, akachukua vikombe vitatu, kimoja cha yule kijana, maana aliyelowa vile anahitaji kitu cha moto, akaenda getini. Mabango yalikuwa palepale, yote mawili. Akasimama, akapiga hodi tatu kama alivyokuwa akipiga mumewe.

Na kutoka juu mlimani, ndefu mwishoni, ikashuka: "Karibu!"

Mlinzi aliisikia. Pazia la nyumba nalo liliisikia, likatulia ghafla.

"Fungua, mwanangu," mama akasema. "Nimekaribishwa."

Mlinzi akavitazama viatu vyake. Alikuwa ameshajifunza kazi. "Nimesikia, mama. Ila inatakiwa ya mwenye nyumba. Hiyo ya marehemu haihesabiki."

"Hayati," mama akasema.

"Samahani, mama. Ya hayati."

Lakini mkono wake haukwenda kwenye kufuli. Mke wa tarishi akammiminia chai, kwa kuwa kosa halikuwa lake lote, na kwa kuwa ingepoa. Mlinzi akanywa akiwa amesimama, akarudisha kikombe, akasubiri mama ageuke aende zake. Hakugeuka. Aliiweka chupa chini, akajifunga mtandio vizuri, akajaza pumzi tena.

"Mama," mlinzi akamnong'oneza, "hodi ni tatu."

"Hizo zilikuwa za mume wangu."

Akapiga ya nne. Kutoka mlimani akaitikiwa karibu. Akapiga ya tano, akaitikiwa karibu, na sasa zilikuwa sauti mbili, moja ya kijana. Anapiga mpaka leo, kila jioni wakati wa chai. Halmashauri ina habari, na ukiuliza kwenye dirisha la ofisi yao utajibiwa vizuri tu kwamba suala linashughulikiwa.